Saa ya Kuondoka Chula

Sheffield, 3 Machi 1996

Kwa mjomba wangu Mzamil,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na mkeo Bimkubwa, na mguu wake uwe umepoa. Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ila vidole vya miguu sivihisi tangu Novemba. Wamenihamisha nyumba tena. Sasa nakaa na wanawake watatu, Mkurdi mmoja na Wahabeshi wawili. Kila mmoja ana sufuria yake, na hakuna anayethubutu kugusa ya mwenzake. Jumatatu na Alhamisi nakwenda shule ya Kiingereza. Mwalimu aliniuliza nani alinifunza kwanza, nikamwambia mjomba wangu, karani wa bandari ya Kismayo. Akasema huyo alikuwa mwalimu mkali.

Karatasi yako ya ushahidi imefika. Nilimpelekea mwanasheria wangu, akaisoma mara mbili, akavua miwani. Kama ujuavyo, serikali ya hapa haiamini kwamba mimi ni mtu wa Chula, kisiwa cha Somalia. Wanasema ni Mkenya niliyekariri majina ya visiwa. Kesi yangu itasikilizwa tarehe 17 Septemba, na nikishindwa nitapandishwa ndege. Katika wakubwa wa nyumba yetu uliyebaki hai ni wewe peke yako, kwa hiyo wa kunishuhudia ni wewe tu.

Mwanasheria anasema barua yako ni nzuri ila haina uzito. Umeandika "early in '92", yaani mwanzoni mwanzoni mwa mwaka, kisha ukaandika "round about midday or so", yaani mchana mchana hivi. Anasema hicho ni Kiingereza cha kumwandikia rafiki postikadi. Hakimu hakitaki. Hakimu anataka siku, tarehe na saa: watu wenye bunduki walifika lini, mimi nilikuwa wapi, na wewe uliondoka Chula saa ngapi.

Ukiuliza mimi nilisema nini kwenye mahojiano yangu, sitakuambia. Mwanasheria amenikataza kabisa. Anasema shahidi akishaambiwa la kusema si shahidi tena. Wewe andika unachokijua tu, mjomba, lakini kiandike sawasawa.

Msalimie Bimkubwa sana.

Mwana wa dada yako,
Nuha


Kambini, Mombasa, 21 Aprili 1996

Kwa anayejiita Nuha,

Waalaykum salaam. Sisi wazima. Mguu wa Bimkubwa umevimba tena, na zahanati ya kambi ina dawa ya aina moja tu, ya kichwa. Mvua zimeanza na hema linavuja upande wa mlango. Jirani yetu Mwanapili anakusalimu. Yeye hujua barua zikifika kabla yetu sisi, sijui anazijuaje.

Usikasirike kwa nilivyoanza. Bahasha yako imefika imefunguliwa na kugundishwa upya, na gundi haikuwa kavu vizuri. Halafu ndani nakuta swali la saa, saa, saa, kama swali la polisi. Nuha ninayemjua mimi haniulizi hivyo. Nimejiuliza kama kalamu ilikuwa mkononi mwako na maneno yakawa ya mtu mwingine. Basi kabla sijaandika kitu kingine chochote, nijibu hili: nilipokuwa nikirudi kutoka bandarini, marehemu mama yako alikuwa akiniita nani? Hilo halimo katika faili la mtu yeyote.

Na huyo mwanasheria wako mwambie hivi. Nilichagua maneno yale kwa makusudi, sikukosea. Mkimbizi akija na saa na dakika zake zimepangwa, hapo ndipo anaposhukiwa. Watasema amefunzwa. Mtu anayekimbia risasi haangalii saa. Waingereza wenyewe nimefanya nao kazi, manahodha na maajenti, nawajua. Wakikaa kwenye chai husema "hivi karibuni", "baadaye kidogo", na hakuna anayemwita mwenzake mwongo. Kiingereza kile kilicholegea ndicho Kiingereza cha mtu mkweli. Kikikazwa sana kinanuka ofisi.

Halafu mimi nikuulize wewe. Kwa nini hukuambiwa uulize ni mkunga gani aliyemzalisha mama yako, au nyumba yetu ilikuwa na milango mingapi? Hayo yangethibitisha kwamba wewe ni wa Chula. Saa niliyoondoka mimi inamhusu nani?

Nijibu lile swali.

Mzamil


Sheffield, 12 Mei 1996

Mjomba,

Salamu nyingi, na pole kwa hema na kwa mguu wa Bimkubwa. Hapa wanasema ni majira ya maua, na kweli nimeyaona, lakini koti bado sijavua.

Mama alikuwa akikuita Bwana Dakika. Ulikuwa hujavua viatu, unasema meli fulani imeingia saa kumi na dakika tatu, imetoka saa kumi na mbili kasoro dakika saba, naye anakuambia, "Bwana Dakika, wachu wana njaa, keti ule." Umeridhika sasa kwamba ni mimi?

Kwa kuwa ni mimi, nikukumbushe na mengine. Nilikuwa na miaka kumi na mbili uliponikalisha barazani na daftari la bandari. Niliandika kwa Kiingereza kwamba jahazi lilifika "jioni moja". Ulichana ukurasa. Ulisema, "Jioni moja ni ya kupigia soga. Kinachoandikwa ili mtu mwingine akitegemee kina tarehe, kina saa, kina dakika." Nililia, na mama akakugombeza, wewe hukurudi nyuma hata kidogo. Leo mtu yule yule ananiambia kwamba Kiingereza kilicholegea ndicho cha mkweli. Mjomba, ungekuwa mvuvi ningekuelewa. Wewe uliandika saa za watu kwa miaka kumi na tisa.

Umeniuliza saa yako inamhusu nani. Inanihusu mimi. Mimi nimewaambia kilichotokea siku ile tangu asubuhi, na wewe umo ndani yake. Ukiandika vile vile, mimi ni mkweli. Ukiandika "mchana mchana hivi", watasema hata mjomba wangu hajui kama nilikuwepo.

Na mimi nina langu la kuuliza. Nimesikia kwa watu kwamba majina yenu wawili, wewe na Bimkubwa, yametokea kwenye orodha ya kupelekwa ng'ambo. Nimesikia kwa Mwanapili, wala si kwako. Umeniandikia habari za gundi ya bahasha na hukuniandikia hilo. Kwa nini?

Nangoja.

Nuha


Kambini, Mombasa, 30 Juni 1996

Kwa Nuha,

Waalaykum salaam. Tu wazima. Mwanapili sasa tunamwamkia tu, hatuzungumzi naye.

Ndiyo, majina yetu yamo kwenye orodha. Tumehojiwa mara tatu na imebaki kupimwa kifua. Sikukuambia kwa sababu jambo lisilokamilika likitajwa linaharibika, na kwa sababu hapa kambini kila mtu anatafuta kosa kwenye faili la mwenzake ili nafasi ipatikane. Kuna mzee mmoja aliondolewa kwenye orodha kwa kuwa alitaja mwaka tofauti na mkewe, basi. Miaka minne ya kungoja imekwisha hivyo hivyo. Kwa hiyo unapoandika "saa", wewe unafikiria hakimu wako, na mimi nafikiria faili langu. Kilichoandikwa kwa tarehe na dakika huwa kinasafiri. Hujui kitatua meza ya nani.

Hata hivyo wewe ni mwana wa Mwanaasha, na siwezi kukuacha upandishwe ndege. Nimekuandikia karatasi nyingine, kwa Kiingereza cha daftari kama unavyotaka. Inasema kwamba Jumamosi tarehe 8 Februari 1992 watu wenye bunduki walitua Chula baada ya adhuhuri, kwamba wewe ulikuwepo na mama yako, na kwamba mimi na mke wangu tuliondoka kwa boti saa 1310, risasi zikilia nyuma yetu. Nimetia sahihi na kidole gumba. Ndivyo nilivyosema hapa kambini tangu siku ya kwanza, kwa hiyo haina tofauti na faili.

Sasa umepata dakika zako. Usiniulize tena.

Mzamil


Sheffield, 19 Julai 1996

Mjomba,

Assalaam alaykum. Mimi mzima. Mmoja wa wale Wahabeshi amepata karatasi zake, na siku ile sufuria zote zilichanganywa, tukala pamoja mpaka majirani wakagonga ukuta. Nilifurahi naye, kisha nikaingia chumbani nikalia kwa wivu. Nakwambia ukweli wangu ili na wewe uniambie wako.

Karatasi yako mpya ninayo. Sijampa mwanasheria.

Mjomba, wewe ni mtu wa bandari, na mimi ni mtu wa Chula, na hakimu si mmoja wala mwingine. Yeye akisoma 1310 ataona tarakimu nne nzuri. Mimi nikisoma naona saa saba na dakika kumi mchana, mwezi nne Shaaban. Siku hiyo naijua kwa sababu mama alikuwa akilipa siku zake za Ramadhani alizokula, alianza mwezi ulipoandama, na Jumamosi ile alikuwa na funga yake ya nne. Mwezi nne, saa saba mchana, maji ya Chula yako wapi?

Nikwambie yalipokuwa. Risasi za kwanza zilipolia, imamu alikuwa amemaliza kutoa salamu. Mama alinisukuma nje kwa mlango wa uani, akasema kimbia, yeye akarudi ndani kumchukua bibi. Hawakutoka. Nilikimbia mpaka kwenye mikoko ya kile kisiwa kidogo, na nilivuka kwa miguu, mjomba. Maji yalinifika magotini, na mahali pengine yalikuwa hayapo kabisa, nikawa nakanyaga majani ya pwani na kujikata kwa chaza. Alama ninazo hadi leo, daktari wa hapa amezipiga picha. Nilijificha mpaka maji yalipojaa tena, ndipo watu wa Ras Kamboni waliponiokota, wakanifikisha Kiunga.

Boti za Chula zote saa ile zilikuwa zimelala ubavu juu ya mchanga. Wenye bunduki walizichagua wakiwa wamekaa. Hakuna mtu aliyeondoka kwa boti saa 1310. Naandika haya nikijua kwamba mwanasheria amenikataza, lakini hili la maji lilikuwa hapo kabla ya mahojiano yangu, na wewe ndiye uliyenifunza kulihesabu.

Kesi ni tarehe 17 Septemba. Nikipeleka karatasi hii wataona mmoja wetu ni mwongo, na watadhani ni mimi.

Sikuulizi tena. Nimeshauliza mara tatu.

Nuha


Kambini, Mombasa, 25 Agosti 1996

Mwanangu Nuha,

Waalaykum salaam warahmatullah. Barua yako ilifika tarehe 2 mwezi huu, na nimekaa nayo siku ishirini na tatu. Bimkubwa haongei nami, utaelewa kwa nini ukimaliza kusoma. Mguu wake una nafuu.

Karatasi ya tatu iko ndani ya bahasha hii. Nimeiandika kwa Kiingereza cha daftari la bandari, lakini wewe nataka nikuambie kwa lugha yetu kwanza, usije ukaisoma mbele ya mgeni.

Ijumaa tarehe 7 Februari, baada ya sala ya alasiri, baharia mmoja wa Burgao aliniletea ujumbe wa Hodan. Unamkumbuka Hodan, aliyekuwa akishika simu pale bandarini, Msomali, tukigawana meza. Alisema wenye bunduki wanakuja kesho visiwani kutafuta boti na injini. Alihatarisha roho yake kunipelekea ujumbe ule. Boti iliyokuwapo ni ya ndugu zake Bimkubwa, na wao walikwisha hesabu watu wao. Zilibaki nafasi mbili, yangu na ya Bimkubwa.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi maji yakiwa yamejaa. Niliangalia saa. Siku zote naangalia saa, siwezi kujizuia. Ilikuwa 0740, yaani saa moja na dakika arobaini. Mama yako nilimwambia tunakwenda hitma Burgao na tutarudi alasiri.

Ningeweza kumwambia. Nilisimama naye mlangoni na neno lilikuwa mdomoni. Nikafikiri, nikimwambia Mwanaasha atamwambia jirani, ndivyo alivyo, na jirani atamwambia jirani, na pwani itajaa watu, na boti ile haitaondoka. Hayo ndiyo niliyofikiri. Sikufikiri kwamba mngeweza kutembea mpaka mikokoni asubuhi ile mkajificha, watu wote wa mtaa, bila boti yoyote. Hilo nilikuja kulifikiria Kiunga, na tangu siku hiyo nalifikiria kila siku.

Ukaniuliza kwa nini nilichagua maneno yaliyolegea. Nilidhani "mchana mchana hivi" itatufunika sote wawili, kesi yako na faili langu. Na nilidhani wewe hujui, na kwamba ukisoma maneno yale utaendelea kutojua.

Jana nilikwenda mwenyewe ofisi ya kambi kabla karatasi yako haijafika popote. Nimewaambia saa niliyoondoka. Karani aliandika, akaniuliza kama nina uhakika, nikamwambia nina uhakika wa dakika. Majina yetu yameondolewa. Ndiyo sababu Bimkubwa haongei.

Ipeleke karatasi. Usibadilishe kitu.

Mjomba wako,
Mzamil


Sheffield, 6 Oktoba 1996

Kwa mjomba wangu Mzamil,

Assalaam alaykum. Natumai wewe na Bimkubwa mko salama, na kwamba ameanza kusema nawe hata neno moja. Mimi ni mzima. Baridi imerudi.

Karatasi niliipeleka kama ulivyoiandika. Mwanasheria aliisoma akasema, hii sasa ni ushahidi. Hakimu alilinganisha saa yako na saa niliyoitaja mimi mwaka jana kwenye mahojiano, zikawa zimepishana dakika ishirini. Akasema watu wawili waliopanga maneno hawapishani dakika ishirini, na wanaodanganya hawajishitaki wenyewe. Wameniamini. Mimi ni mtu wa Chula, iko kwa maandishi na ina muhuri.

Nimejaribu kuandika barua hii mara nne. Kama umeisoma sentensi ile ya hakimu vizuri, umekwisha jua ninachotaka kusema. Nilitaja saa yako mwaka jana. Niliijua. Mjomba, nilikuona.

Nilikuwa juu, natandaza nguo nilizofua kwenye sakafu ya dari. Nilikuona unashuka pwani na Bimkubwa nyuma yako, na kichwani kwake kulikuwa na cherehani iliyofungwa kanga. Nilishuka ngazi mbio, nikamwambia mama, "Kwani hitma huendewa na cherehani?" Mama alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua uso. Alisema, "Nyamaza. Yule ni ndugu yangu. Mesema atarudi, atarudi."

Miaka minne nimejiuliza kama mama hakuelewa, au alielewa akakataa kuelewa. Sijui. Sikutaka hakimu anijibu hilo, na Kiingereza chochote kisingenijibu. Nilitaka wewe useme tu. Nilipoona "mchana mchana hivi" nilichukia kiasi kwamba nilikaa chini kwenye ngazi za posta.

Sijakusamehe. Nakuandikia hivyo kwa sababu wewe umeniandikia kweli, na mimi siwezi kukulipa kwa maneno matamu. Ila mwanasheria aliponiuliza kama nina ndugu yeyote aliye hai, nilisema ninaye mmoja, nikampa jina lako na namba ya hema. Anasema kuna ombi linaloweza kuandikwa, ni refu na huenda likakataliwa. Nimemwambia aliandike.

Na kuna jambo moja zaidi ambalo halimo katika karatasi yoyote, hakuna aliyeniuliza. Mama alifunga siku ile, bibi alikuwa akila uji tu, na mimi sikuwa na njaa. Lakini alipika chungu kizima cha wali. Adhuhuri ilipokaribia alipakua sahani mbili, yako na ya Bimkubwa, akazifunika kawa, akaziweka juu ya kabati paka asifike. Risasi zilipolia, sahani zilikuwa bado za moto.

Nuha